Mama Chai Anaweka Pesa

...kwa hiyo walikuwa watano, sita ukimhesabu Kidoti aliyelala begani mwake mdomo wazi, na wote alikuwa ameshawatazama mmoja mmoja, kama alivyozoea kutazama watu chumbani kabla ya kuwamiminia chai, mlinzi wa zahanati pale mlangoni na kofia yake iliyomzidi kichwa, fundi bomba kwenye benchi na kidole gumba kilichoviringishwa bandeji mpaka kikawa kama kitunguu, dada wa dawa, ambaye sasa hivi haonekani kwa sababu ameingia nyuma ya pazia na kadi ya Kidoti, yeye mwenyewe, mama Kidoti, amesimama dirishani na chupa tupu mkononi, na nyuma yake, karibu kiasi cha kumpumulia shingoni, bibi mshonaji, yule yule, Mungu wangu, yule yule wa foleni ya benki, na asimtambue, hilo tu, asimtambue mpaka dawa itoke, halafu yeye atamfunika mtoto vizuri na kuondoka akiangalia chini, kwani macho ya mshonaji si macho ya kuchezea, yanakumbuka kiuno cha mtu aliyempima miaka kumi iliyopita... "Subiri kidogo nitazame nyuma," alikuwa amesema dada wa dawa, wala hakusema kwa ukali, yeye hajui ukali, hata mwezi ule kadi iliposahaulika nyumbani aliandika nyingine pale pale akasema nenda kakae mama Kidoti, miguu hiyo imetembea, na huu mstari mwekundu kwenye chupa ni yeye aliyeuchora, kwa rangi yake ya kucha aliyoitoa mkobani, maana dawa ya watoto wanaoanguka kifafa hapa haiji kwenye chupa, inaletwa kwenye dumu kubwa jeupe, na kila mzazi anakuja na chupa yake aliyoichemsha nyumbani, ya kwake ilikuwa ya sosi, anamiminiwa mpaka kwenye mstari, na mstari ni mwezi mmoja, asubuhi kijiko, jioni kijiko, usiruke hata siku moja, daktari alisema, ukikatisha, kuanguka kunarudi kwa nguvu kuliko mwanzo, na akamwangalia usoni kuhakikisha ameelewa, ameelewa daktari, nani asingeelewa aliyemwona mwanawe akipiga kisogo sakafuni kama samaki.

"Someni wenyewe," fundi bomba alikuwa akisema, akiinua kidole chake cha kitunguu kuonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani, "kutokana na marekebisho ya bajeti, baadhi ya dawa zitapatikana kwa kiasi, haya, kwa kiasi gani sasa?" na mlinzi akajibu bila kugeuka, "Kiasi atakachokujalia Mungu," na fundi akasema, "Mungu hajaandika karatasi hii, ina muhuri," na bibi mshonaji akacheka kidogo nyuma yake, kicheko kikavu, na mama Kidoti akaivuta shingo ndani kama kobe, asicheke, akicheka sauti itamtoa... kumbe sauti ndiyo aliyoisikia bibi siku ile, sauti ndiyo mbaya zaidi, gauni linabadilishwa, sauti utaibadilisha na nini. Na fundi hakuwa amemaliza, watu wa mabomba wamezoea kuongea peke yao chini ya masinki, akasema, "Mimi benki ile iliyokula bajeti nimeingia mara moja tu maishani, nilienda kuwazibulia choo, sina akaunti, sina kitabu, sina kadi, lakini nimeilipa, nikinunua sabuni nimeilipa, nikiweka vocha nimeilipa, mke wangu akinunua unga ameilipa, tumeilipa mpaka wangenipa basi hata ile kalamu yao wanayoifunga kwa mnyororo," na mlinzi akauliza, "Na choo je, walikulipa?" "Waliniambia nilete ankara." "Ukaleta?" "Nikaleta, nikaambiwa benki imefilisika, kisha ikaokolewa, nikarudi, nikaambiwa ankara ile ni ya benki ya zamani," na sasa hata dada wa dawa alicheka, kule nyuma ya pazia, akasikika akisogeza kitu kizito sakafuni, kitu cha plastiki... dumu.

Alilijua dumu kwa sauti. Mtu aliyebeba chupa za chai miaka sita haulizi imebaki kiasi gani, anainua tu, anasikiliza, chai ikiwa imejaa husema maneno mazito, ikikaribia kwisha huimba, na dumu lile, lilivyosogezwa, halikusema zito, halikuimba pia, lilikuwa katikati, labda ni pazia linalozuia sauti, usianze kulia kabla ya msiba, mama Kidoti, hebu simama sawa... na bega lilikuwa limeshaanza kuuma, miaka minne si uzito mdogo, akamhamishia mtoto bega la pili, na Kidoti akasema kitu usingizini, neno moja, "kiti," au kitu kama kiti, na hapo hapo, bila kuitwa, likamjia gari la Meneja wa benki alikokuwa akipika chai, kiti cha nyuma cha gari la Meneja, cha ngozi nyeupe, siku ile ya kwanza kabisa Kidoti alipoanguka, alikuwa amekwenda naye kazini kwa sababu jirani wa kumwachia alikuwa mgonjwa, mtoto akaanguka kwenye kijichumba kile cha jikoni ambapo watu wawili hawapishani, na waliokuja walisimama mlangoni, wengine wakisema mpeni chuma ashike, wengine wakisema msimguse, Meneja peke yake ndiye aliyepiga magoti na suruali yake ya pasi, akamgeuza mtoto ubavu, akavua tai yake mwenyewe akamwekea chini ya kichwa, akawapeleka hospitali kwa gari lake, na Kidoti akatapika kwenye ile ngozi nyeupe, na yeye akaanza kufuta kwa mkono, kwa kiganja, huku akiomba radhi, samahani bosi, samahani bosi, na Meneja akasema, "Acha kiti, mama chai, wewe mshike mtoto." Kwa hiyo mtu wa namna hiyo akija jikoni kwako siku nyingine, miaka miwili baadaye, akakuuliza una gauni jingine zaidi ya hiyo sare, utamjibu nini?

Alimjibu ninalo bosi, nililokuja nalo. Ilikuwa Jumanne, saa tatu hazijafika, na nje foleni ilikuwa imeshapinda kona, kwa sababu tangu Jumapili watu walikuwa wakitumiana ujumbe kwenye simu kwamba benki haina kitu, waliokopeshwa ni jamaa za wakubwa wenyewe, wamejenga maghorofa ya vioo ambayo hayajapata mpangaji, na ilikuwa kweli, keshia wa dirisha la tatu alishamnong'oneza siku nyingi wakiosha vikombe, wanakopeshana wenyewe kwa wenyewe hawa, hata shemeji yake Meneja amo, lakini yeye aliyafunga masikio, si shemeji wa Meneja aliyempigia magoti Kidoti, ni Meneja... na Meneja akamtolea bahasha ya kaki, nene, iliyofungwa kwa mpira, akasema, "Wewe hujui kitu, wewe ni mteja, unaweka tu, wanatakiwa kumwona mtu anaweka." Akavua sare, akavua aproni, akavaa gauni lake la maua, lile alilowashia moto nyumbani alfajiri aproni ikiwa imefungwa juu yake, akatokea mlango wa nyuma, akazunguka jengo, akaja mbele kama mtu atokaye kwake, na askari wa mlangoni, ambaye kila asubuhi yeye humwekea sukari vijiko vitano, akapaza sauti, "Wanaoweka wapite huku!" kana kwamba hajawahi kumwona, na watu wote wakageuka, mia, mia mbili, wakamtazama akipita na bahasha kifuani, na keshia wa dirisha la tatu akazihesabu zile noti polepole, akiziinua juu kidogo, kila moja, kama mtu anayeanika nguo, akauliza kwa sauti kubwa, "Zote unaweka, mama?" na yeye akajibu, "Zote." Hapo ndipo alipotakiwa kunyamaza. Alikuwa ameambiwa aseme zote, basi. Lakini kitu kikampanda, labda ni yale macho, hajawahi kutazamwa na watu wengi hivyo maishani hata siku ya ndoa, akageuka akawaambia watu kwa sauti safi, sauti ya kuitia mtoto aliye mbali, "Mimi sina wasiwasi," maneno hayo hakupewa na mtu, hayamo kwenye bahasha, ni ya kwake.

"...mjukuu wangu huyo, kama wa huyu mama," bibi mshonaji alikuwa akimwambia fundi bomba, "yuko nyumbani na dada yake, jana alitaka kuangukia kwenye cherehani, nikamdaka, na chupa imekwisha tangu jana jioni," na mama Kidoti akatupa jicho nyuma, kidogo tu, chini, hakuangalia uso, aliangalia mkono, na mkononi mwa bibi kulikuwa na chupa iliyokuwa ya siki, imesafishwa mpaka inang'aa, ina mstari mwekundu wa rangi ya kucha, mstari ule ule. Ya bibi imekwisha jana. Ya Kidoti imekwisha leo asubuhi, kijiko cha mwisho alikipata kwa kusukutua chupa na maji. Na zaidi ya mkono akaona miguu, imevimba vile vile, kamba za viatu zimelegezwa, miguu ile ndiyo aliyoiona siku ile akitoka kwa keshia, bibi alikuwa wa tatu kutoka mlangoni, wa tatu tu, amesimama tangu alfajiri, na yeye, kwa moyo wake, hili halikuwa la Meneja wala la benki, lilikuwa lake na la Mungu wake, alirudi ndani akaleta kiti, akamkalisha, akainama akamwambia sikioni, "Bibi, rudi nyumbani ukapumzike, pesa yako ipo," na bibi akamtazama gauni, kola mpaka chini, akainuka, akaondoka, na mtu wa nne alipomwona bibi anaondoka akaondoka, na foleni ikaanza kumeguka kama mkate uliokauka, mpaka saa kumi jioni benki ikafunga milango yake ikiwa bado benki, na Meneja akaja jikoni akamshika mikono yote miwili, alikuwa analia.

Siku mbili baadaye wakaja watu wa wizara. Wanane, akatoa vile vikombe vizuri vyenye ukingo wa dhahabu, wakakaa chumba cha mikutano, na akazunguka na chai wakati mmoja wao akisoma kiasi cha fedha ambacho serikali ingetoa kuinusuru benki, alikisoma kwa sauti, na yeye hakukielewa, mwalimu wa hesabu darasa la saba aliwafikisha kwenye milioni akafuta ubao akasema zaidi ya hapa hamtahitaji, na aliyekuwa karibu na dirisha akauliza, "Zitatoka wapi zote hizo?" na mwenye kalamu akajibu, "Kidogo kidogo, huku na kule, afya kidogo, maji kidogo, tozo kidogo kwenye simu, hakuna atakayeona," kisha akainua uso akamwambia, "Mimi bila sukari, mama, asante sana," akatabasamu. Alitabasamu vizuri. Hilo ndilo linalomsumbua, anawapanga wote kichwani kama vikombe kwenye sinia, anatafuta mbaya wao yuko wapi amnyooshee kidole, na kila anayemshika alimwambia asante, alimwambia pole, alimwuliza mtoto anaendeleaje, hata yule wa bila sukari alimwinulia kijiko kilichoanguka, akakifuta kwa leso yake... na akafurahi siku ile, kwa nini asifurahi, aliimba akiosha vikombe, benki imepona, pesa za watu zipo, bibi wa miguu hakudanganywa, uongo wa Jumanne umegeuka ukweli siku ya Alhamisi, nani mwingine amewahi kupata bahati ya uongo wake kulipiwa na serikali. Akafurahi miezi mitatu. Mwezi wa nne wakaleta mashine ya chai, unabonyeza inatoa, wakamwambia benki imeokolewa lakini lazima ibane matumizi, wakampa barua na chupa moja ya chai ya kumbukumbu, na Meneja akastaafu kwa kiinua mgongo ambacho keshia alikitaja kwa kunong'ona na kuziba mdomo, lakini alipiga simu, Meneja, hakusahau, alipiga kuuliza, "Kidoti vipi?" na yeye akasema, "Hajambo bosi, dawa inamsaidia, tunapata zahanati, ya bure," akasema hivyo, ya bure, na Meneja akasema, "Afadhali, nashukuru Mungu," na alimaanisha.

Dumu likainuliwa, akalisikia. Limeinuliwa kwa urahisi mno, kwa mkono mmoja. Kisha likageuzwa kichwa chini, kisha likapigwapigwa kitako, pu, pu, pu, kama unavyopiga chupa ya chai mgeni wa mwisho akiwa amekaa na kikombe mbele yake na wewe unamtabasamia huku unaomba, na sasa hakukuwa na la kuzuia wala pazia wala nini, akajua, afya kidogo, kidogo kidogo huku na kule, hii ndiyo huku, hii ndiyo kule, dumu jeupe nyuma ya pazia la kijani, hakuna atakayeona, isipokuwa dada wa dawa anaona, na yeye anaona, na ilipita mkononi mwake, ile bahasha ilikuwa na joto la mkono wa Meneja, aliyaweka yote, mgongo wa Kidoti aliuweka, ulimi wa Kidoti aliuweka, na mjukuu wa bibi asiyemjua hata sura, na kidole cha fundi, na sabuni ya mke wa fundi, zote unaweka mama, zote, mimi sina wasiwasi...

"Mama Kidoti!" sauti ya dada wa dawa ilitoka nyuma ya pazia, na ilikuwa sauti ya mtu aliyeinama, "hapo nyuma yako kuna mwingine wa dawa hii hii?" Na mlinzi akageuka, na fundi akatazama kitunguu chake. Bibi labda hakusikia, alikuwa ameinama akivuta kamba za viatu. Na mama Kidoti akaona jinsi jibu lilivyokuwa tayari mdomoni, limeshakaa kwenye ulimi kama mwenyeji, hakuna dada, ni mimi tu, maneno matano, mdomo uliokwisha kuzoea haupati shida ya pili, Kidoti atapata mpaka kwenye mstari, mwezi mzima, na ni mtoto wake, tumbo lake, nani angemlaumu, hata bibi asingejua, na pumzi ya Kidoti ilikuwa ikiingia na kutoka shingoni mwake, ya moto, ina harufu ya uji. Akageuka. Alimgeukia bibi uso kwa uso, akasema polepole, hakujua atasema nini mpaka alipolisikia, "Bibi, siku ile benki, zile pesa hazikuwa zangu."

Bibi mshonaji akainuka taratibu, mkono kiunoni. Akamtazama gauni, kuanzia kola kushuka chini, vile vile kama siku ile. "Najua, mwanangu," akasema. "Gauni lilikuwa na mikunjo kiunoni ya kamba ya aproni, ya pande zote mbili. Mtu hapigi foleni ya benki na aproni. Nilijua kabla hujafika dirishani."

"Sasa mbona uliondoka?"

"Si ulinipa kiti?" bibi akasema, kana kwamba anaulizwa jambo dogo. "Tangu alfajiri nimesimama, watu mia mbili, hakuna aliyeiona miguu yangu. Nikasema, anayeiona miguu yangu acha anidanganye kidogo, nikapumzike." Kisha akaongeza, bila kicheko, "Pesa niliikuta, haikupungua hata senti. Ningejua inakotoka ningewaambia kaeni nayo."

"Mama Kidoti, unanisikia?" dada wa dawa akaita, na pazia halikufunguka, na dirisha lilikuwa lile lile, na karatasi yenye muhuri ilikuwa ukutani, na chupa ilikuwa tupu mkononi mwake kama dakika chache zilizopita, na alitaka kuomba radhi na hakujua aanzie kwa nani, kwa bibi, kwa fundi, kwa huyu aliyelala begani, na aombe radhi gani kwa mtoto ambaye hata kuhesabu hajaanza, akamshika Kidoti kwa mikono miwili, sawasawa, kama alivyoambiwa siku ile amshike, akaugeuza mdomo wake kuelekea pazia.

"Tupo wawili, dada," akasema.

Dada wa dawa alichora mstari mpya kwenye kila chupa, chini ya ule wa zamani. Dawa ile ilitosha mpaka siku ya kumi na tatu. Dumu jingine lililetwa baada ya wiki tisa.